Mama anaambiwa atume pesa asifutwe TASAF, na siku ya malipo kuna vibaka njiani. Naombeni ushauri

Mwana wa Mnazi:
Wakuu, habari za jioni. Wenye uzoefu na haya mambo naomba msipite kimya.

Mama yangu yuko kijijini, mkoa wa Lindi. Ni mjane, analea wajukuu wa marehemu kaka yangu, na ni mlengwa wa TASAF, ule mfuko wa serikali unaozipa ruzuku kaya maskini. Hela yenyewe si nyingi, ila kwake ndiyo sare za shule, ndiyo sabuni, na ndiyo iliyonunua kuku alioanza nao kufuga. Mimi niko Dar naendesha boda, natuma kinachopatikana.

Sasa yamezuka mawili. La kwanza, anapigiwa simu na mtu anayejiita afisa wa TASAF makao makuu. Anamtaja majina yote matatu, anajua mpaka idadi ya wajukuu. Anamwambia walengwa wanahakikiwa upya, atume elfu kumi na tano ya fomu na amtajie namba ya siri ya simu "ili mfumo umtambue", la sivyo jina linafutwa. Jirani yake, Mwajuma, keshatuma. Mama hajatuma kwa sababu hana, wala si kwamba kashtuka. Ananililia nimtumie mimi.

La pili ni siku za malipo. Pale kwao wengi bado wanalipwa mkononi. Watu wanakusanyika ofisi ya kijiji tangu asubuhi, wanalipwa, halafu kila mtu na njia yake. Upande wa mama lazima uvuke korongo na ukate katikati ya mikorosho, na wa kule huwa wanaitwa mwisho, jua linazama. Malipo yaliyopita vijana wawili waliwavizia wamama, wakawanyang'anya, mmoja kaumia mkono. Kijiji kizima wanasema wanawajua, ila hakuna anayetaja jina.

Huyo afisa ni wa kweli? Mtu anaweza kufutwa kwa simu? Na hili la vibaka naanzia wapi wakati siko huko? Mwenyekiti nimempigia, kasema "tunalifanyia kazi". Nimemwelewa.

Kipanga Mweusi:
Usitume hata mia. Huyo ni ndugu yake na wale wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Amebadilisha shati tu.

Bibi Harusi Mtarajiwa:
Lakini majina matatu na idadi ya wajukuu kayatoa wapi? Hapo ndipo ninapoogopa. Kuna mtu wa ndani hapo.

Mstaafu wa Kata:
Si lazima awe mtu wa ndani. Nimekuwa afisa maendeleo ya jamii ngazi ya kata miaka mingi kabla ya kustaafu, acha nieleze kwa kituo.

Mlengwa wa TASAF hapatikani ofisini. Kaya zinatajwa kwenye mkutano wa kijiji, wananchi wenyewe wanasema fulani na fulani ndio hali zao mbaya. Baada ya hapo wanakuja watu wa kujaza madodoso nyumba kwa nyumba: nyumba imeezekwa kwa nini, mnakula mara ngapi, watoto wangapi, nani anasoma. Zile taarifa zinaingia kwenye mfumo, zinachujwa, halafu orodha inarudi kwenye mkutano uleule isomwe na watu waseme ndiyo au hapana. Sasa fikiria, majina yamesomwa hadharani, na wajukuu wa mama yako kila mtu anawaona wakienda shule. Tapeli anahitaji kijana mmoja tu wa pale kijijini, hahitaji kompyuta ya serikali.

Na kutoka ni vivyo hivyo. Kaya inatoka ikihitimu, yaani hali yake ikitathminiwa upya ikaonekana imeimarika, au ikihama, au ikigundulika iliingia kwa udanganyifu. Yote yanapita kijijini na halmashauri. Hakuna kufutwa kwa simu, na hakuna fomu inayouzwa. Kinachomchanganya mama ni kwamba uhakiki wenyewe upo kweli. Kipindi cha pili cha mpango huu kilizinduliwa Februari 2020 na kilianza na uhakiki wa walengwa, na tangu hapo kaya nyingi zimehitimu. Kwa hiyo mtu akisikia "uhakiki" moyo unaruka, na tapeli anaijua hofu hiyo.

Akitaka uhakika amwone mwenyekiti wa ile kamati yao ya jamii, au wewe umtafute mratibu wa TASAF wa halmashauri. Yuko palepale kwa mkurugenzi. Nenda na jina la kijiji na la mlengwa, atakuangalizia.

Wakala wa Stendi:
Mimi ni wakala wa pesa za simu mwaka wa ngapi huu, naomba niongeze.

Ule ujumbe au ile namba ya tapeli msiifute. Kama alituma meseji, itume kama ilivyo kwenda 15040, watakuuliza namba iliyotuma, unawajibu. Ni bure. Halafu mama apige *106# aone laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chake cha NIDA. Wazee wengi wakienda kusajili wanabandika dole mara mbili, "mama rudia haijasoma", kumbe laini ya pili inaondoka na kijana. Halafu ndiyo hiyohiyo inayotumika kutapelia watu wengine.

Na namba ya siri, jamani. Wiki haipiti sijaletewa kitochi na bibi, nageuza nyuma nakuta tarakimu nne zimeandikwa kwa kalamu juu ya mfuniko wa betri. Mwingine anafungua pindo la kanga ananipa kikaratasi, "mwanangu bonyeza wewe". Mimi nitabonyeza na kumpa hela yake yote. Wa dirisha la pili simjui.

Kipanga Mweusi:
Si wahamie simu wote basi, vibaka wakose kazi?

Wakala wa Stendi:
Inasaidia. Hela ikiingia kwenye simu hakuna anayejua imeingia lini, na mama anaweza kutoa kidogokidogo. Lakini jina la laini lazima lifanane na jina la mlengwa. Hapo ndipo panapokwama. Bibi anatumia laini ya mjukuu, au NIDA imeandika Asha na orodha inasema Aisha, au vidole vimesuguliwa na jembe mpaka mashine haisomi. Na huko Lindi vijijini wakala mwenyewe siku ya malipo anaishiwa fedha saa nne asubuhi. Bibi anapanda boda kwenda mjini, nauli inakula hela.

Dogo wa Nanjilinji:
Mnaongea kirahisi sana, mkatoe taarifa kwa kamati, mkaone mtendaji. Sisi kwetu hela ikifika tu unaambiwa toa mchango wa shule, toa wa zahanati, mezani palepale. Utamshtakia nani?

Mstaafu wa Kata:
Hilo la kukata ni marufuku. Hela ya mlengwa anakabidhiwa yote, akitaka kuchangia shule atachangia kesho kama mwananchi mwingine. Ukiona zinakatwa mezani, mratibu wa halmashauri kwanza, na ikibidi TAKUKURU, wale wa kuzuia rushwa, kwa namba 113. Usiende na maneno. Nenda na tarehe, kiasi kilichokatwa na majina ya watu wawili watatu walio tayari kusema.

Pemba Peremba:
Sikutaka kuchafua uzi, ila huku kwetu Zanzibar mzee akifika miaka 70 anapewa pensheni jamii, haulizwi maskini au tajiri. Ilianza 2016 kwa elfu ishirini kwa mwezi, sasa ni elfu hamsini. Haikuzuii kutapeliwa, lakini walau hakuna wa kukutisha kuwa umeonekana umepata nafuu ukafutwa, maana umri haurudi nyuma.

Mstaafu wa Kata:
Umegusa penyewe, Pemba. Mlengwa wa bara anaishi na hofu ya kuonekana kanunua bati.

Chuma cha Pua:
Tuache siasa. Hao vijana wawili wanajulikana, kijiji kikae nao usiku mmoja. Mtakuja kunishukuru.

Askari Kanzu Mstaafu:
Chuma, ukishaua mtu kwa hela ya TASAF utakuja kuomba ushauri humu ukiwa wapi? Kijana anayechomwa moto kwa kusingiziwa huwa yupo, na kesi ni ya mauaji, haiwi ya wizi tena.

Mwana wa Mnazi, nisikilize. Yule mama aliyeumia mkono aliripoti? Kama hakuripoti, kwa polisi tukio hilo halipo. Aende kituoni hata leo, apewe RB, yaani namba ya taarifa yake, na achukue PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi, aende nayo hospitali. Hata kama mkono umeanza kupona, daktari ataandika alichokiona. Bila karatasi hiyo, siku mtuhumiwa akikamatwa wakili wake atamaliza kesi kwa dakika tano. Pia kila kata siku hizi imepangiwa mkaguzi wa polisi, tafuteni namba yake, muiandike ukutani ofisi ya kijiji. Likitokea la papo kwa papo ni 112.

Kuhusu kutaja majina: hakuna atakayetaja mkutanoni mbele ya shangazi wa kibaka. Mkaguzi wa kata anapokea taarifa pembeni, hata kwa simu, hata ukiwa Dar.

Halafu serikali ya kijiji ina kamati ya ulinzi na usalama, ni moja ya kamati tatu za kudumu kisheria. Hiyo ndiyo ya kubana. Waombeni kitu kidogo tu kinachotekelezeka: siku ya malipo, vitongoji vya mbali vilipwe kwanza asubuhi, na ulinzi shirikishi wawili wakae pale korongoni mpaka wa mwisho avuke. Haihitaji bajeti.

Mwana wa Mnazi:
Asanteni sana wakuu. Nimempigia mama nikamsomea maelezo ya Mstaafu, akaniuliza "kwa hiyo Mwajuma keshaliwa?" Namba ya siri amebadilisha, mjukuu wa darasa la sita ndiye kamsaidia. Yule mama wa mkono kumbe hakuripoti, aliogopa ataulizwa hela alizipata wapi. Kesho anapelekwa na mwanawe.

La kulipa wa mbali kwanza nimempelekea mwenyekiti. Safari hii hakusema wanalifanyia kazi. Kasema wa kitongoji cha karibu watalalamika.

Askari Kanzu Mstaafu:
Walalamike mkutanoni. Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kila miezi mitatu, muulize wa mwisho ulikuwa lini, utashangaa atakavyokuwa mpole.

Mama Ntilie wa Ujiji:
Samahani kudandia. Mimi Kigoma, bibi yetu jina lake NIDA limekosewa herufi moja, malipo ya simu yanagoma, na ya mkononi wanamwambia wewe umehamishiwa kwenye simu. Yuko katikati hapati huku wala kule. Aanzie NIDA au TASAF?

Wakala wa Stendi:
Aanzie kwa mratibu wa TASAF, mama, siku hiyohiyo aombe arudishwe malipo ya mkononi kwa muda. NIDA kurekebisha jina ni safari ndefu, na atakula nini wakati anasubiri? Abebe kadi yake ya mlengwa na kitambulisho, na barua ya mtendaji inayosema Asha na Aisha ni mtu mmoja.

Mama Ntilie wa Ujiji:
Wa kwetu ni Zaituni na Zeituni. Mtendaji anataka elfu tano ya barua.

Dogo wa Nanjilinji:
Si nilisema.