Mrejesho: ndama waliodumaa, mlonge na kitunguu saumu

Wakuu, miezi miwili iliyopita niliwauliza niwape kitu gani cha asili ndama wangu wawili wa Friesian (ng'ombe wa maziwa), jike na dume, waliodumaa. Asanteni sana wote mliojibu.

Unga wa majani ya mlonge, kiganja kimoja kwenye pumba na mashudu ya alizeti, jike ameupenda. Maziwa nimeendelea kumpa lita 4 kwa siku. Kwa utepe wa kifuani (unaokadiria uzito kwa kuzungushwa kifuani) ametoka kilo 41 hadi 74!

Kitunguu saumu kwenye maziwa kilishindikana. Dume aligoma kunywa, nikaacha. Kuhara kwake kulikoma nilipoanza kuosha ndoo kwa maji ya moto kila mlo. Aliyenisisitizia usafi wa ndoo, Mungu akubariki. Dume bado mdogo, ila sasa anakula.