Roboti ikifaulu kwenye soko la kuigiza, iachiwe soko halisi? Tujadili

Mleta mada:
Wadau, kule Ulaya tangu Januari 2018 sheria za masoko ya fedha za Umoja wa Ulaya, MiFID II, zinataka roboti (programu za kompyuta) za kununua na kuuza hisa zipimwe kabla hazijaingia sokoni. Sawa kabisa. Ila kuna watu wanasema simulesheni, yaani soko la kuigiza la daftari la oda (orodha ya oda za kununua na kuuza zinazosubiri), inatosha, roboti ikifaulu humo basi ipewe ruhusa. Mimi nakataa.

Simuleta nyingi zinarudia data ya jana vilevile ilivyotokea. Tuseme wauzaji wamepanga hisa 300 kwa bei 50, na nyingine 200 kwa bei 51. Roboti yangu inataka 400 sasa hivi, inakomba 300 zote za bei 50 alafu 100 za bei 51, wastani 50.25, mpaka hapo hesabu iko poa. Sekunde inayofuata data ya jana inakuja na zile 300 za bei 50 zimekaa palepale kama hakuna aliyezigusa, roboti inakomba tena! Soko la kweli bei ingeshapanda na wauzaji wengine wangeshafuta oda zao. Yaani roboti ikiwa na fujo zaidi ndo inaonekana ina faida zaidi, alafu hicho ndo kiwe cheti?

Mchangiaji 1:
Mkuu unaibebesha simuleta mzigo usio wake. Kazi yake ni kuhakiki kanuni: bei bora inatangulia, bei zikilingana aliyewahi anatangulia, ukipunguza idadi ya hisa kwenye oda masoko mengi yanakuachia nafasi yako ila ukiongeza unarudi mwisho wa foleni. Roboti isiyojua hayo itaumiza watu. Na siku ileile unairudia mara elfu unapata jibu lilelile, soko halisi halikupi hiyo nafasi. Sasa usipopimia humo utapimia wapi, kwenye hela za watu?

Mchangiaji 2:
Kule Marekani, kampuni ya kununua na kuuza hisa ya Knight Capital iliweka programu mpya kwenye seva saba, ya nane ikasahaulika, tarehe 1 Agosti 2012 msimbo wa zamani ukaamka kwenye hiyo ya nane, ndani ya dakika 45 zaidi ya dola milioni 400 zikaondoka. Programu mpya ungeipima kwenye simuleta ungekuta haina neno. Mimi naona mnabishania mtihani wakati kilichokosekana pale ni namna ya kuzima haraka.

Mchangiaji 3:
Tatizo la mleta mada lina dawa, weka wafanyabiashara bandia wanaojibu oda zako badala ya data ya jana. Na si lazima wawe na akili, watafiti Gode na Sunder mwaka 1993 walionyesha wanaotupa bei ovyoovyo, wakizuiwa tu wasifanye biashara ya hasara, soko lao linafikia ufanisi unaokaribia wa binadamu.

Mleta mada:
Hao wa ovyoovyo ni wa soko lililotulia mzee. Tarehe 6 Mei 2010 Dow Jones, kipimo cha bei za hisa za Marekani, ilishuka karibu pointi 1,000 alafu sehemu kubwa ikarudi ndani ya muda mfupi, na sababu mojawapo ya kushuka vile ni kwamba wengi walioshikilia oda za kununua walijitoa. Wa ovyoovyo hakimbii, hajui kuogopa, kwa hiyo mtihani wako hauna hata swali moja la siku mbaya.

Mchangiaji 1 hapo nakubaliana naye kwenye kanuni, simuleta iwe lazima, asiyefaulu asiingie. Ila aliyefaulu aanze na kikomo kidogo cha oda na awe na swichi ya kuzima ambayo na soko lenyewe linaweza kuibonyeza, hapo Mchangiaji 2 ana hoja nzito kuliko sisi wote.

Kilichobaki ni hao wafanyabiashara bandia, nani awaandike? Mwenye roboti akiachiwa atawaandika wapole wasiofuta oda na wasiokimbia, mwisho wa siku roboti yake inapata mia kwa mia. Mimi nasema soko liwaandike, na mwenye roboti asionyeshwe kabla ya mtihani. Anayepinga hili alete sababu.