Mwanangu kaniambia anavutiwa na wanaume, kanisa linataka aletwe kwenye maombi ya kufunguliwa. Naomba ushauri wa Kimaandiko

Mama Kijana:

Shalom wapendwa. Naandika humu kwa sababu jambo hili siwezi kuliuliza kwa sauti mahali ninapojulikana. Atakayejibu naomba akumbuke anayezungumzwa ni mtoto wa mtu.

Kijana wangu wa kwanza ana miaka 23. Ameokoka tangu yuko sekondari, anapiga kinanda kanisani, na ndiye anayewafundisha watoto wa Shule ya Jumapili nyimbo za Pasaka. Juzi kaniambia kwamba tangu apate akili hajawahi kumtamani msichana, anavutiwa na wanaume. Hajasema ana mtu. Alisema amechoka kunidanganya kila ninapomuuliza ataoa lini. Kisha akanipa Biblia yake niishike. Warumi sura ya kwanza ameipigia mstari kwa penseli, na pembeni ameandika tarehe ndogo ndogo, moja chini ya nyingine. Ni siku alizofunga akimwomba Mungu ambadilishe. Ya kwanza aliiandika akiwa na miaka 14.

Kumbe alishamwambia rafiki mmoja wa kwaya aliyemwamini, na habari zimefika kwa mchungaji. Nimeitwa nikaambiwa kijana aache kinanda, na nimlete afanyiwe maombi ya kufunguliwa mpaka pepo amtoke. Nisipomleta, basi na mimi nashiriki dhambi yake.

Mimi ni mtu wa Neno. Anayetaka kuniambia Biblia imepitwa na wakati asijisumbue, na anayetaka kuniambia nimfukuze mwanangu naye asijisumbue. Nataka kujua mistari hii inasomwaje na watu wanaomcha Mungu, na nimjibu nini mchungaji.

Simba wa Yuda:

Mama, pole sana. Ila nitasema kweli kwa sababu umeuliza. Walawi 18:22 iko wazi, Warumi 1:26-27 iko wazi, 1 Wakorintho 6:9 iko wazi. Kuhani Eli aliwajua wanawe na hakuwazuia, na Mungu akaihukumu nyumba yake, soma 1 Samweli 3:13. Mpeleke kwenye maombi. Upendo usiokanya ni chuki iliyovaa nguo nzuri.

Msomi wa Agano:

Mama Kijana, nimefundisha somo la Biblia muda mrefu, nikujibu swali la kwanza.

Mistari inayotajwa katika mjadala huu ni michache, haizidi sehemu sita au saba katika Biblia nzima, na haina uzito sawa. Anza na Sodoma, maana ndiyo inayotupwa usoni mwa watu mara nyingi kuliko zote. Mwanzo 19 inaeleza umati wa wanaume uliozingira nyumba ukitaka kuwabaka wageni. Linganisha na Waamuzi 19, kisa kinachokaribia kufanana nacho, ambapo aliyebakwa mpaka akafa ni mwanamke. Ezekieli 16:49 inataja uovu wa Sodoma kuwa kiburi, kushiba, na kutowashika mkono maskini. Wenye haki ya kupinga watakuonyesha mstari wa 50 unaotaja machukizo, na Yuda mstari wa 7 unaotaja uasherati. Sawa, waweke vyote mezani. Bado kijana anayepiga kinanda na kufunga kwa machozi hana uhusiano wowote na genge lile la wabakaji.

Walawi 18:22 na 20:13 ni katazo kweli, na 20:13 inaweka adhabu ya kifo. Wapo wanaosema hiyo ni torati ya kale kama ile ya nguo za nyuzi mbili, basi tuiache. Hoja hiyo peke yake ni nyepesi, kwa sababu sura hiyo hiyo inakataza mtu kulala na ndugu zake wa damu, na hilo tunalishika mpaka leo. Lakini anayeishika 18:22 anapaswa pia atueleze kwa nini ameiacha adhabu ya 20:13. Kila Mkristo anachuja. Swali ni anachuja kwa kipimo gani.

Mzigo wenyewe uko Warumi 1. Hapo Paulo anazungumzia wanaume na wanawake, na anaeleza tendo hilo kama tunda la kuabudu sanamu. Wanaoshika mapokeo wanasema Paulo anarejea uumbaji wa Mwanzo 1 na 2, kwa hiyo katazo ni la nyakati zote. Upande wa pili wanasema Paulo alikuwa anaona tamaa zilizopita kiasi, mabwana na watumwa wao, watu wazima na wavulana, na kwamba wawili walioahidiana kuishi kwa uaminifu hawakuwa mbele ya macho yake. Mimi naona upande wa kwanza una nguvu zaidi kwenye maandishi yenyewe. Lakini angalia Paulo anakokwenda na hoja. Anawapandisha wasomaji wake jazba mpaka wanaitikia "amina", halafu 2:1 anawageukia: "Kwa hiyo, wewe mtu uwaye yote uhukumuye, huna udhuru." Ukiisoma sura ya kwanza ukafunga kitabu, umemkatiza Paulo katikati ya sentensi.

Usidhani wanaotofautiana hapa ni waamini dhidi ya wasioamini. Richard Hays, bingwa wa Agano Jipya wa Chuo Kikuu cha Duke, mwaka 1996 alitetea kwa maandishi msimamo wa mapokeo. Mwaka 2024, yeye na mwanawe Christopher, msomi wa Agano la Kale, wakaandika kwamba huruma ya Mungu inawakaribisha watu hawa kikamilifu. Wesley Hill naye ni msomi wa Agano Jipya, anasema wazi kwamba anavutiwa na wanaume, na amechagua useja kwa sababu anaamini ndoa ni ya mume na mke. Wote walisoma Kigiriki kile kile na wote walipiga magoti.

Mtumishi Mkongwe:

Mama, mimi ni mchungaji, na nitangulize msimamo wangu ili usinielewe vibaya. Naamini ndoa ni ya mume na mke, kwa Mathayo 19:4-6, na sitafungisha nyingine. Hata hivyo hicho ulichoambiwa ukifanye sikubaliani nacho.

Kwanza, kuvutiwa si tendo. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, ambayo hakuna atakayeiita legelege katika hili, inakataa matendo katika namba 2357, kisha namba 2358 inasema watu hawa wapokewe kwa heshima, huruma na utu, na waepushwe na kila ubaguzi usio wa haki. Maaskofu wa Kianglikana walipokutana katika Mkutano wa Lambeth mwaka 1998 walisema matendo hayo hayapatani na Maandiko. Azimio hilo hilo likasema waliobatizwa, wanaoamini na walio waaminifu ni viungo kamili vya mwili wa Kristo, bila kujali wanavutiwa na nani, na likawataka maaskofu wawasikilize. Wengi wetu tulihubiri nusu ya kwanza ya azimio.

Kijana wako hajasema amefanya kitu. Sasa anaondolewa kwenye kinanda kwa kosa gani? Kwa kumwambia mama yake ukweli? Kama ni kanuni, iwahusu wote. Kwaya nyingi zina mabachela wanaowatamani wasichana na hakuna anayewauliza.

Pili, hayo maombi ya kufunguliwa. Mimi naamini pepo wapo na Yesu anafungua. Lakini Marekani kulikuwa na shirika kubwa la Kikristo, Exodus International, lililoanza 1976 kwa kazi hiyo hiyo ya kuwabadilisha watu. Mwaka 2013 mkuu wake, Alan Chambers, alilifunga na kuomba radhi. Alishakiri kwamba walio wengi mno kati ya aliokutana nao hawakubadilika wanavutiwa na nani. Hawakuwa watu wa imani haba. Kijana aliyejaza tarehe za kufunga pembeni ya Warumi 1 ukimwambia hajaomba vya kutosha unamwambia uongo, na ukimwambia ana pepo ataanza kujiogopa mwenyewe. Nimewahi kuitwa nyumbani kwa kijana aliyefikishwa hapo. Alikuwa na maji ya sumu mkononi. Tafadhali usimpeleke.

Tumaini Halikati Tamaa:

Mama, asante kwa kutomfukuza. Mimi ni mwanamke wa makamo, navutiwa na wanawake, na Jumapili hii nilikuwa kanisani kama kawaida. Niliyoyataka kwa mama yangu nikayakosa ndiyo nitakayokuambia.

Usimwambie mtu mwingine. Si baba mdogo, si shangazi, si kikundi cha akina mama cha maombi. Habari hii ni yake, aitoe yeye anapotaka, kwa anayemtaka. Kuna nchi ambako maneno kama haya yakifika kwa mtu asiye sahihi yanaishia polisi au kwenye kipigo cha mtaa, kwa hiyo jua sheria ya unapoishi kabla hujafungua mdomo mbele ya wazee wa kanisa. Usipeleke chochote kwa maandishi kinachotaja mambo yake.

Muulize amelala vipi. Akisema maneno ya kukata tamaa ya maisha usiyapishe kwa zaburi, kaa naye na mtafute daktari au mshauri anayejua kutunza siri. Shirika la Afya Duniani liliondoa mapenzi ya jinsia moja kwenye orodha ya magonjwa mwaka 1990, kwa hiyo mshauri anayekuahidi "kumtibu" mpite.

Na umsomee Matendo 8 kuanzia mstari wa 26. Kumbukumbu la Torati 23:1 ilimzuia towashi kuingia katika mkutano wa Bwana. Isaya 56 ikamwahidi jina lililo jema kuliko kuwa na wana na binti. Kisha njiani kutoka Yerusalemu towashi Mwethiopia, akiwa na kitabu hicho hicho cha Isaya mapajani, anamuuliza Filipo: "Ni nini kinachonizuia nisibatizwe?" Filipo alijua mstari wa Torati. Akateremka naye majini.

Simba wa Yuda:

Dada Tumaini, nakuheshimu, ila towashi hakuwa shoga. Ni mtu aliyehasiwa. Mnavuta mstari kwenda usikotaka kwenda.

Msomi wa Agano:

Simba, hapo uko sahihi, na ni vizuri umesema. Matendo 8 haithibitishi lolote kuhusu ndoa za jinsia moja, na anayeitumia hivyo anaitwisha mzigo isioubeba. Lakini inatuonyesha jinsi kanisa la kwanza lilivyomtendea mtu ambaye mwili wake ulikuwa umemweka nje ya mkutano kwa maandishi. Filipo hakumwambia akae pembeni kwanza wazee wajadili. Kilichopo mbele ya Mama Kijana leo ni hicho. Hakuna aliyekuja kuomba cheti cha ndoa.

Simba wa Yuda:

Hilo la kinanda nakubali ni uonevu kama hajafanya kitu. Kwa maombi bado nasema aombewe, ila kwa hiari yake na bila kushikwashikwa. Na neno nililotumia hapo juu lilikuwa kali kwa mama, anisamehe.

Mama Kijana:

Nimewasoma wote, nimesoma mara mbili. Mtumishi, hapo kwenye sumu nilifunga simu nikaenda kugonga mlango wake. Tulikaa mpaka usiku. Nimemsomea Matendo 8 na akaniambia anaijua kwa moyo, ila hajawahi kusomewa na mtu.

Bado sijui nisimame wapi kuhusu ndoa. Nasoma Mathayo 19 naona vile nilivyofundishwa. Nasoma "si vema huyo mtu awe peke yake" nafikiri uzee wa mwanangu, nashindwa kuendelea. Naomba kuuliza: naweza kukaa bila jibu hilo na nikawa bado mwaminifu kwa Neno?

Halafu mchungaji anataka jibu kabla ya ibada ijayo. Nimeandika hivi: "Mchungaji, nimeheshimu ushauri wako. Mwanangu hatakuja kwenye maombi hayo. Hajakiri tendo lolote, na mambo aliyoniambia ni siri kati yetu naye. Naomba aendelee na kinanda. Ikiwa haiwezekani, tutahama kanisa wote wawili."

Mtumishi Mkongwe:

Unaweza. Mitume walihitaji Petro aone maono, Kornelio ajazwe Roho, na mkutano mzima wa Matendo 15, ndipo wakakubaliana kuhusu watu wa Mataifa. Katika muda wote huo Mataifa walikuwa wanakula mezani na kaka zao wa Kiyahudi, wengine wakigombana, hata Petro mwenyewe alijitenga kwa woga, Paulo akamkemea mbele ya wote, Wagalatia 2. Wewe chukua muda wako. Yeye asisubiri muda huo ili kupendwa.

Kuhusu ujumbe, usiutume. Dada Tumaini amekuonya juu ya maandishi. Nenda mwenyewe ukamwambie kwa mdomo, na uende na mtu mmoja unayemwamini ambaye kijana amekubali ajue. Hayo maneno ya "hajakiri tendo lolote" yaache, yanafungua mlango wa kuhojiwa ametenda nini. Sema tu hatakuja, na kwamba kilichosemwa kwako kama mama hukijadili. Na la kuhama kanisa, muulize yeye kwanza. Pengine bado anawataka wale watoto wa nyimbo za Pasaka.

Mama Kijana:

Nimemuuliza. Anawataka. Naenda kesho mchana, na dada yangu amekubali kunisindikiza.