Kaka amefariki Leicester, tunataka azikwe Rombo. Tuanzie wapi?

MdogoWake
Wakuu habari zenu. Naandika hapa siku ya tatu sijalala kwa hiyo mnivumilie kama maelezo yatarukaruka. Kaka yangu ninayemfuata kuzaliwa amefariki Jumanne huko Leicester, Uingereza. Alikuwa muuguzi, katoka zamu ya usiku akalala, shemeji (mke wake) karudi kutoka kuwapeleka watoto shule akamkuta ameshaondoka. Miaka 46, hata presha hakuwahi kulalamikia.

Ukoo umekaa hapa Rombo na wazee wamesema mtoto lazima alale kihambani, yaani kwenye shamba la ukoo, pembeni ya baba yake. Kazi ya kufuatilia nimepewa mimi. Mazishi yameshapangwa Jumamosi ya wiki ijayo, turubai zimeagizwa, fundi wa kaburi kaanza kuchimba leo. Michango kwenye grupu imefika milioni 6 na laki 4.

Sasa mambo yanayonitatiza. Shemeji anasema mwili umechukuliwa na ofisi ya serikali inayochunguza vifo vya ghafla na hawajasema watauachia lini. Kampuni ya mazishi aliyoipigia imemwambia asubiri. Halafu shemeji mwenyewe hajakubali waziwazi kwamba kaka aletwe, mara ya mwisho aliniuliza "na watoto watakuwa wanamtembelea wapi baba yao?" nikakosa jibu. Jana baba mkubwa kamtumia meseji kwamba marehemu ni wa ukoo siyo wa mke, na toka hapo hapokei simu ya mtu yeyote wa huku. Mwenye uzoefu anisaidie, naanzia wapi?

Kibosho_Juu
Pole sana ndugu yangu, poleni na familia yote. Kaka apumzike kwa amani.

Nesi_wa_Reading
Pole sana kaka. Niko huku Uingereza mwaka wa 17 na misiba ya namna hii nimeshaisimamia mitatu, ngoja nikueleze kinachoendelea maana najua kwa mtu aliye Rombo inaonekana kama wanawazungusha makusudi.

Mtu akifia nyumbani ghafla na daktari hawezi kuandika sababu, kesi inaenda kwa mchunguzi wa vifo (huku anaitwa coroner), ndiyo hiyo ofisi aliyoisema shemeji yako, na kuanzia hapo mwili uko chini yake. Shemeji yako hana uwezo wa kuharakisha, kampuni ya mazishi haina, hata ubalozi hauna. Watafanya uchunguzi wa mwili. Wakikuta ni ugonjwa wa kawaida, moyo kwa mfano, wanatuma karatasi kwa msajili na shemeji anaenda kusajili kifo anapewa cheti. Achukue nakala nyingi siku hiyohiyo, kila moja ni pauni 12.50, maana benki wanataka, kazini wanataka, ubalozi wanataka. Wakiona sababu bado haijajulikana wanafungua shauri na hilo linaweza kuchukua miezi, ila usiogope, mwili hausubiri mpaka liishe. Wanatoa cheti cha muda na mwili unaweza kuondoka.

Kitu ambacho wengi hawakijui ni kwamba hata uchunguzi ukiisha, kuutoa mwili nje ya England kunahitaji taarifa ya maandishi kwa mchunguzi huyohuyo, na kisheria zinatakiwa zipite siku 4 toka aipokee ndipo mwili uondoke. Ukieleza sababu anaweza kuruhusu mapema, sisi mara moja waliruhusu baada ya siku 2. Na hii ni lazima hata kwa mtu aliyefia hospitali na daktari wake akaandika sababu vizuri kabisa.

Baada ya hapo ndiyo mwili unatiwa dawa ya kuzuia kuoza, kinatolewa cheti cha hiyo dawa na barua kwamba hakuna ugonjwa wa kuambukiza, jeneza linawekwa zinki ndani na kuzibwa, halafu karatasi zote pamoja na pasipoti ya marehemu zinapelekwa ubalozi wetu London kupata kibali. Kampuni inayojua kazi inafanya hayo yote yenyewe. Kwa hiyo msichukue ya mtaani tu kwa sababu ni rahisi, tafuteni iliyozoea kusafirisha, maana kago hawapokei mwili kutoka kwa mtu yeyote tu.

Hiyo Jumamosi yenu nakwambia kwa upendo kabisa, ifuteni. Msitangaze tarehe mpaka muwe na namba ya ndege mkononi. Mimi nimeona watu wamekula msiba wiki mbili mwili haujatoka Birmingham, pesa ya kusafirisha ikaishia kwenye wali na mbege.

Mzee_Kisiki
Kijana, huyo binti wa Reading kakueleza vizuri mambo ya karatasi. Mimi naongelea hilo ulilolitaja mwishoni kana kwamba ni dogo, kumbe ndilo lenyewe.

Kwa sheria ya kule, kama marehemu hakuacha wosia, mwenye haki ya kwanza ya kuamua mwili uende wapi ni mke. Baba mkubwa hana nafasi, ukoo hauna nafasi, hata mkileta muhtasari wa kikao wenye sahihi 40. Huyo mama akisema azikwe Leicester, atazikwa Leicester na hakuna atakayemuuliza. Kwa hiyo ile meseji haikuwa kumkosea heshima mfiwa tu, imegusa mkono uleule ambao ndio unatakiwa uweke sahihi.

Mimi yalinikuta mwaka 2011 kwa mdogo wangu aliyefia nje, nchi nyingine. Tulimsema mjane wake kwenye simu, akafunga mlango, akamzika hukohuko sisi tunaangalia picha. Mama yangu alikufa hajaliona kaburi la mwanae. Wala simlaumu yule binti, sisi ndio tuliomfukuza kwenye msiba wake mwenyewe.

Baba mkubwa aombe radhi yeye mwenyewe, kwa sauti yake, asitume mtu. Akishindwa basi mpelekeni mama yenu azungumze naye kama mama na mwanae, na siku hiyo jeneza lisitajwe kabisa. Mumuulize amelala? Watoto wamekula? Nani yuko naye pale ndani?

Pwani_Raha
Poleni. Sisi Waislamu mtu akifa tunamzika alipo na haraka, sina maana ya kuingilia imani na mila zenu, ila wazo la shemeji yako kuhusu watoto lisikilizwe. Hao watoto watakulia kule, Rombo watafika mara moja kwa miaka 3. Kaeni mlizungumze kama jambo lenye pande mbili.

MdogoWake
Asanteni sana. Mzee Kisiki nimesoma ulichoandika mara nne, nimemsomea na mama kwa sauti. Pwani Raha nimekuelewa, sijakasirika. Nesi naomba unisaidie gharama, na je serikali ya kule haisaidii chochote? Watu kwenye grupu wanasema Uingereza wanalipia mazishi.

Nesi_wa_Reading
Wanayo pesa ya mazishi kwa wenye kipato kidogo lakini ni ya kuzika hukohuko, kuleta Tanzania hailipi. Msiihesabu.

Msiba wa mwisho niliosimamia, mwaka juzi, tulilipa pauni 4,300 kila kitu mpaka KIA (uwanja wa ndege wa Kilimanjaro), bila tiketi za familia. Iombeni kampuni invoisi yenye mchanganuo na mlipe moja kwa moja kwenye akaunti ya kampuni, pesa isipite kwa mtu binafsi hata awe mchungaji. Mkitaka kuchangisha kwa GoFundMe, ule mtandao wa michango, afungue mtu wa huku mwenye akaunti ya benki ya huku maana hailipi kwenye akaunti za Tanzania.

Ila umesema alikuwa muuguzi. Kama alikuwa NHS (huduma ya afya ya serikali ya huku) na alikuwa anakatwa pensheni yao, akifa akiwa kazini kuna malipo ya mkupuo, mshahara wa mwaka mara 2. Na kuna malipo ya mjane kama marehemu alikuwa anachangia bima ya taifa ya huku (National Insurance), mwenye watoto anapata pauni 3,500 mwanzo halafu kila mwezi kidogokidogo kwa miezi 18. Hizi pesa ni za shemeji na watoto. Nakuambia ili umsaidie kuzidai, zisije zikatajwa kwenye grupu la michango, nakuomba sana.

Mengine mawili. Kama viza ya shemeji ilitegemea ya kaka, aongee na mwanasheria wa uhamiaji KABLA hajapanda ndege. Na watoto kama wana pasi za Uingereza wanahitaji viza kuingia Tanzania, waombe mtandaoni sasa hivi. Nimeshaona mtoto anabaki Heathrow, baba yake yuko chini kwenye kago anaondoka.

Agenti_KIA
Pole mkuu. Mimi kazi yangu ni kutoa mizigo hapo KIA, nikuongezee ya upande huu. Mwili kutoka Uingereza unaweza kuja mpaka KIA bila kupita Dar, KLM kupitia Amsterdam au Ethiopian kupitia Addis, itawapunguzia safari ya gari. Jina la mpokeaji kwenye hati ya kago liwe la mtu mmoja na lifanane na kitambulisho chake herufi kwa herufi. Watu wanaandika jina la nyumbani, tunakaa masaa matano pale na ukoo mzima uko nje na mabasi mawili. Nakala za vyeti zitumwe kwa imeili kabla mwili haujaruka ili afya mipakani na forodha wazione mapema.

Na kaburi! Majeneza ya kule ni mapana kuliko ya kwetu, na zinki ile inaongeza uzito, andaeni wabebaji wa kutosha. Nimeona kwa macho yangu kaburi limeshajengwa tofali na kupakwa rangi, jeneza likagoma kuingia, ikabidi ibomolewe mbele ya wafiwa. Muombeni kampuni vipimo vya nje vya jeneza, siyo vya ndani.

MdogoWake
Nimerudi na mrejesho. Baba mkubwa alikataa kwanza, akakaa kimya mchana kutwa, jioni akaja mwenyewe akaomba simu. Shemeji alipokea. Mzee alisema "mwanangu nisamehe" halafu akashindwa kuendelea, mama akachukua simu wakalia tu wote wawili kama dakika kumi hivi, hakuna aliyetaja mazishi.

Leo asubuhi shemeji kanipigia yeye. Amekubali kaka aje, ila anataka kuwe na ibada kwanza kulekule ili wafanyakazi wenzake na marafiki wa watoto wamuage, na kila Desemba watoto waletwe kwa baba yao, nauli tusaidiane. Wazee wamekubali yote. Mchunguzi kasema ni moyo, karatasi inaenda kwa msajili kesho.

Nesi nimekutumia ujumbe wa pembeni, naomba namba ya hiyo kampuni. Jumamosi tumeifuta, turubai zimerudishwa. Agenti nimempigia fundi asimamishe tofali mpaka vipimo vije, kaniambia alikuwa ameshafika kozi ya tatu.