Mbio za Tanga hadi Pangani: je, aliyevuka miaka 50 azuiwe?

Mwanzisha mada, Chumbageni: Ndugu zangu, mbio tunazopanga ni za kilomita 50 hivi, nami napendekeza aliyevuka miaka 50 asiandikishwe. Uwezo wa mwili kutumia oksijeni hushuka umri unavyosonga, na jua la njia ile sote tunalijua. Wazee wetu watufae barazani, kwenye kahawa, watuombee dua.

Mchangiaji, Mikanjuni: Kijana wangu, nina miaka 57, na leo baada ya swala ya alfajiri nimekimbia hadi Pongwe na kurudi. Ukucha wa kidole gumba changu umegeuka mweusi mara ya tatu mwaka huu, na weusi huo sikuupata barazani. Mwaka 1983 mkulima Cliff Young, mwenye miaka 61, aliwashinda vijana kutoka Sydney hadi Melbourne, kilomita 875.

Mchangiaji, Ngamiani: Shikamoo, mzee wangu. Young aliwashinda kwa kulala kidogo, si kwa kasi. Mwaka 1985, katika mbio hizo hizo, Yiannis Kouros wa Ugiriki, akiwa na miaka 29, alikimbia kilomita 960 kwa siku 5 na saa 5, ilhali Young alitumia siku 5 na saa 15 kwa njia fupi zaidi.

Mikanjuni: Marahaba. Kouros huyo huyo, mwaka 1997, akiwa na miaka 41, alikimbia kilomita 303 kwa saa 24, na rekodi hiyo ilidumu zaidi ya miaka 20. Kuvumilia usingizi, kujua wakati wa kula na wakati wa kutembea, ndizo mbio zenyewe, na hayo mtu huyapata kwa miaka mingi ya kukimbia. Hata hivyo, la baraza hamjanijibu.

Mwanzisha mada: Neno hilo nalifuta, mzee wangu, uniwie radhi. Lakini miaka 41 si 57. Wally Hayward alimaliza mbio za Comrades, zile ndefu za Afrika Kusini, mwaka 1989 akiwa na miaka 80, hoi kabisa, zikiwa zimebaki dakika zisizofika 2 muda uishe. Sisi hata gari la wagonjwa hatujapata.

Ngamiani: Gari hilo atalihitaji pia kijana asiyefanya mazoezi. Hayward alimaliza ndani ya muda, basi nasi tuweke ukomo wa saa, mmoja kwa wote.

Mikanjuni: Radhi nimeipokea, na ukomo wa saa naukubali. Sasa tuambiwe maji yatawekwa kila baada ya kilomita ngapi.