Naomba ushauri: kuwasomesha vijana visa vya Bwana Msa

Ndugu wanachama, salaam. Naongoza kikundi cha wasomaji wa miaka 15 hivi, na sasa tunasoma Mzimu wa Watu wa Kale, riwaya ya Muhammed Said Abdulla iliyotoka mwaka 1960. Vijana wamempenda mno Bwana Msa, mpelelezi wa riwaya hiyo, na kiko chake, lakini Kiswahili cha Unguja cha zama zile huwakwamisha hata wakaipita dalili muhimu bila kuiona. Niliwaandalia faharasa ikawachosha. Nilipowasomea kwa sauti, chumba kizima kilinyamaza, na nadhani hapo ndipo utamu wa mwandishi huyu ulipo. Je, niwasomee hivyo mpaka mwisho? Na nitawezaje kuwasimamisha penye dalili bila kumfichua muuaji?