Ulinganisho: amplifaya ndogo ya gita kwa mazoezi ya chumbani

Mwenye swali
Ndugu zangu, napiga gita la solo na nimepanga chumba na sebule Dar es Salaam, ambako ukuta wangu ndio ukuta wa jirani. Mwaka mzima nimekuwa nikichomeka gita kwenye sabufa, na sauti inatoka butu kama imefunikwa blanketi. Nimebakiza amplifaya tatu za kuchagua: Blackstar Fly 3, Roland Micro Cube GX na Boss Katana Mini. Ipi inamfaa mtu anayetaka sauti safi ya rumba na sebene?

Jibu la kwanza
Sabufa iache kabisa. Pikapu ya gita, yaani kile kinasa sauti kilicho chini ya nyuzi, hutoa mawimbi dhaifu, ilhali tundu la sabufa limetengenezwa kwa ajili ya simu au deki, ndiyo maana sauti za juu zinapotea kabla hazijafika kwenye spika. Kuhusu wati, Fly 3 na GX zina wati 3 kila moja na Katana Mini ina 7, lakini usihangaike sana na namba hizo, kwa sababu ili sikio lihisi sauti imeongezeka maradufu, nguvu hutakiwa kuongezeka takriban mara kumi. Angalia spika: Fly ina inchi 3, Katana inchi 4, GX inchi 5. Nyuzi nene ndizo zitakazokuonyesha tofauti.

Jibu la pili
Kwa sebene, chukua GX. Ina sauti ya JC Clean, iliyoigwa kutoka amplifaya ya Roland JC-120 ya mwaka 1975, pamoja na korasi (madoido yanayofanya gita moja lisikike kama mawili) na mwangwi ndani yake. Mimi huweka korasi kidogo, mwangwi robo, na ninapopanda kuanzia fireti (kile kipande cha chuma kwenye shingo ya gita) ya 12 kila noti inalia peke yake bila kugandana na mwenzake. Umeme ukikatika, betri sita ndogo zinaendelea, na Roland wanataja takriban saa 25 kwa betri za alkalini.

Jibu la tatu
Naheshimu maoni hayo, ila GX ina kitufe kimoja tu cha kurekebisha rangi ya sauti, wakati Katana Mini inakupa besi, kati na juu kila kimoja peke yake. Kwa gita langu, ambalo pikapu yake ina ukali mwingi, jambo hilo lilikuwa na uzito kuliko korasi. Nakiri kwamba betri zake hudumu takriban saa 7 tu, na adapta hununuliwa kando, kwa hiyo ihesabu kwenye bei.

Jibu la nne
Zote tatu zina tundu la hedifoni, basi jirani asikutie hofu. Ninachosisitiza ni umeme: ukinunua iliyotumika kutoka Japani, soma maandishi ya adapta kabla ya kuichomeka. Kule umeme ni volti 100, huku ni 230. Yangu ilitoa harufu ya plastiki iliyoungua ndani ya dakika moja, na muuzaji hakuniambia neno.

Mwenye swali
Nashukuru sana. Jumamosi nitakwenda dukani na gita langu mwenyewe, nizijaribu GX na Katana kwa sauti ya chini, kwa kuwa ndivyo nitakavyopiga nyumbani.